Mabomba ya Mzee Dougal

Ng'ombe wa maziwa hana siku ya mapumziko, na mwenye ng'ombe vilevile. Kila alfajiri Ailsa Macrae alivaa buti zake za mpira, akafungua lango, na ng'ombe mia nne wakaingia uani kukamuliwa. Mumewe, Teone, ndiye aliyewafunga vikombe vya mashine. Kufikia saa mbili maziwa yalikuwa kwenye tangi, ng'ombe wamerudi malishoni, na ua umejaa mavi kutoka ukuta hadi ukuta.

Hapo Ailsa alishika mpira wa maji na kuosha. Mavi, mkojo na maji ya kuoshea viliteremka shimoni, na kutoka shimoni vikaingia kwenye bwawa la samadi. Pampu iliyasukuma maji yale hadi malishoni, kwenye mtambo wa kunyunyizia. Mtambo ulijivuta polepole kwa waya wake huku ukirusha samadi juu ya majani. Majani yalinawiri, ng'ombe wakala, maziwa yakatoka. Ailsa aliona hakuna kinachopotea.

Shamba lile liko kusini kabisa mwa Nyuzilandi, ambako mvua haihitaji kualikwa. Lilikuwa la baba yake, Mzee Dougal. Zamani nusu yake ilikuwa kinamasi kinachomeza ndama. Mzee Dougal alichimba mitaro kwa koleo, mmoja baada ya mwingine. Ndani yake alilaza mabomba mafupi ya udongo wa kuchoma, kisha akayafukia. Tangu siku hizo maji ya mvua yalizama, yakaingia kwenye mabomba, yakatokea kijitoni. Ailsa alipokuwa na miaka kumi ndiye aliyekuwa akimpa baba yake mabomba, moja moja, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Mzee Dougal alishafariki, lakini majirani bado walimtaja kwa heshima.

Mwaka huo, majira ya kuchipua, mvua ilizidi. Ng'ombe walikuwa wamezaa na ua ulioshwa mara mbili kwa siku. Bwawa la samadi lilikuwa dogo, kwa kuwa lilichimbwa wakati shamba lina ng'ombe mia na hamsini tu. Lilipojaa pomoni, Ailsa na Teone walijiambia hawana hiari. Mvua inyeshe isinyeshe, mtambo ulinyunyizia.

Hata hivyo Ailsa hakuwa mzembe. Kila baada ya kunyunyizia alikwenda kutazama kama kuna dimbwi, au kama samadi inatiririka kuelekea kijitoni. Hakukuta kitu. Udongo ulikuwa umemeza kila tone.

"Ardhi ya baba haina choyo," alimwambia Teone. "Ukiipa, inapokea."

Majira hayohayo bibi yake Teone aliwaita. Bibi Hariata aliishi chini ya bonde, karibu na nyumba ya ukoo wao. Alikuwa na miaka themanini na saba, na ulimi wake haukuwa umezeeka. Yeye alimwita Teone mume wangu, na Ailsa akamwita mke mwenzangu, na utani huo ulikuwa umedumu tangu siku ya harusi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umechoka.

"Nakufa," alisema, kama mtu anayesema anakwenda dukani. "Msinikatize. Matanga yangu nimeshayapanga. Nyimbo nimechagua. Mchungaji nimemwambia asihubiri sana, watu wana njaa. Limebaki jambo la chakula."

Teone aliinamisha kichwa. Alijua chakula gani.

Kwa Wamaori wa kusini, watu wa asili wa nchi ile, mwenyeji hupimwa kwa meza yake. Wageni wa matanga hutoka mbali, hulala siku tatu, na kila ukoo una chakula ambacho mgeni hukitazamia. Watu wa pwani huandaa kome. Ukoo wa Bibi Hariata huandaa kanakana. Huyo ni kiumbe mrefu kama mkunga, hana magamba wala taya, ana mdomo wa duara wa kung'ang'ania mawe. Kila majira ya kuchipua hutoka baharini na kupanda vijito. Ramani ya serikali inakiita kile kijito Kijito cha Macrae. Bibi Hariata hakukiita hivyo hata siku moja. Yeye alikiita Wai Kanakana, maji ya kanakana, jina lililokuwapo kabla Macrae wa kwanza hajashuka melini.

"Wageni wangu wakute kanakana mezani," alisema. "Wa hapahapa. Si wa kuomba kwenye mto wa watu. Ukoo ukifika kuomba chakula chake kwa jirani, umekufa kabla yangu."

"Nitaleta, Bibi."

"Mwaka juzi ulileta kumi. Mwaka jana wawili. Unadhani sihesabu kwa sababu nimelala?" Akamgeukia Ailsa. "Mke mwenzangu, huyu mume wetu ukimwacha peke yake atarudi na hadithi. Nenda naye."

Wakaenda kwenye maporomoko madogo, mahali ambapo kanakana hung'ang'ania mwamba wanapopanda. Teone aliingiza mkono katika kila ufa. Mwamba ulikuwa na utelezi wa kijivu ambao hakuukumbuka utotoni. Hakupata hata mmoja. Alirudi siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Kila aliporudi alikuwa na wa kumlaumu. Alilaumu meli za uvuvi, kisha bahari iliyopata joto, kisha mji ulioko mbali kaskazini ambao hata maji yake hayafiki bondeni kwao. Ailsa aliitikia yote. Mtu akitafuta mwizi, nyumba yake huipekua mwisho.

Siku ya tano Ailsa alikwenda peke yake. Mvua ilikuwa imepumzika tangu jana yake, na mtambo ulikuwa ukinyunyizia malisho ya chini. Alipofuata ukingo wa kijito alimkuta jirani yao wa ng'ambo, Mzee Innes Baird, amesimama ndani ya maji hadi magotini. Mzee Innes naye alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache. Alimwita kwa mkono.

"Shuka huku, mwanangu. Angalia."

Alitenganisha majani marefu ya ukingoni. Nyuma yake kulikuwa na mdomo wa bomba la udongo wa kuchoma. Maji yalikuwa yanatoka, rangi ya chai nzito, na povu juu yake. Ailsa hakuhitaji kuinama ili ajue harufu ile. Alikuwa ameiosha asubuhi hiyo.

"Ni mvua," alisema.

"Mvua hainuki mavi."

"Lakini malishoni hakuna dimbwi, Mzee. Nimetoka kutazama sasa hivi. Udongo umemeza yote."

"Umemeza, ndiyo. Ukapeleka wapi?"

Ailsa aligeuka, akatazama malisho juu ya ukingo.

Mzee Innes alipanda ukingoni, akaketi, akamweleza pasipo haraka. Udongo ni kama kitambaa cha jikoni, alisema. Kikiwa kikavu, hunyonya. Kikishalowa, ukimwagia maji hupita tu na kudondoka chini. Udongo ulioloa hauwezi kuishika samadi ili mizizi iinyonye. Samadi hushuka kwenye nyufa, hukutana na mabomba, na ndani ya nusu saa iko kijitoni. Juu unaona malisho safi, kumbe chini pana mfereji wa mavi.

"Baba yako aliyaweka mabomba yatoe maji," alisema. "Hayajui kuchagua. Ikija mvua, yanatoa mvua. Ikija samadi, yanatoa samadi."

"Na kanakana?"

"Watoto wao wanaishi ndani ya tope la kijito, miaka kadhaa, vipofu, wadogo kama nyungunyungu. Samadi ikiingia majini inaimaliza hewa yao. Tena ina sumu ya kuwaua, na ule utelezi wa kijivu unaota kwa sababu yake. Wazee wanasema wakubwa hupanda mto kwa kufuata harufu ya watoto. Mto usio na watoto hauna wa kuwaita."

Ailsa alimuuliza alijuaje yote hayo. Mzee Innes alitazama buti zake. Miaka tisa iliyopita, alisema, yeye mwenyewe alisimama mahakamani kwa kosa hilohilo. Alipigwa faini, jina lake likatoka gazetini, na mkewe akaacha kwenda kanisani mwaka mzima kwa kuona haya. Baada ya hapo ndipo alipojifunza. Ailsa akamuuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia.

"Nilimheshimu baba yako. Kumwambia binti yake kwamba mabomba ya Dougal yanaua kijito, nilishindwa. Nikasema si kazi yangu. Hilo ni kosa langu, siwezi kukutupia wewe."

Ailsa aliona aibu, na aibu ile ilikuwa nzito kuliko faini yoyote. Yale mabomba aliyapokeza kwa mikono yake mwenyewe. Alipanda hadi kwenye pampu, akaizima.

Teone alikuja mbio. Alisema bwawa litafurika kesho, na likifurika litateremka kijitoni lote kwa mpigo mmoja. Ailsa hakubishana naye. Alimshika mkono akampeleka hadi kwenye lile bomba. Teone alivua kofia.

"Na mimi nimeilaumu bahari," alisema.

Siku hiyo hawakuketi. Mzee Innes alizunguka ua wao na jambo la kwanza alilowaonyesha lilikuwa paa. Mvua yote ya paa la banda la kukamulia ilikuwa inamwagika uani, na kutoka uani inaingia bwawani. "Nusu ya samadi yenu si samadi," alisema. "Ni mvua mnayoichafua wenyewe." Wakaweka mifereji kwenye paa, ikayapeleka maji safi pembeni. Akawafundisha kulowesha sakafu kidogo kabla ng'ombe hawajaingia, ili mavi yasigande. Akawafundisha kukwangua mavi kwanza kwa reki pana ya mpira, ndipo waoshe. Maji waliyotumia yalipungua karibu nusu. Samadi iliyokuwa inakaribia kufurika ilipakiwa kwenye gari la tangi na kupelekwa kilimani kwa Mzee Innes, penye udongo wa kichanga usio na bomba hata moja, ikatandazwa mbali na kijito, tabaka jembamba sana. Ilichukua siku sita.

Likabaki la Bibi Hariata. Teone alisema asiambiwe. Ana siku chache, alisema, tumwache aende kwa amani, tuseme tu kwamba mwaka ni mbaya. Ailsa alitamani sana kukubali. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa tayari mlangoni. Akaenda, na Teone akamfuata nyuma.

"Bibi, kanakana hawapo," alisema Ailsa. "Ni sisi. Ni mavi ya ng'ombe wetu. Yamepita kwenye mabomba ya baba yangu."

Bibi Hariata hakuchemka. Hilo ndilo lililomwogopesha Ailsa.

"Miaka mingapi?"

"Labda sita. Tangu tulipoongeza ng'ombe."

Bibi aligeuza uso ukutani. Teone alikuwa analia bila sauti. Kisha Bibi alisema, bado amegeukia ukuta:

"Mke mwenzangu. Sahani ya kanakana iwekwe mezani, tupu. Msiifunike kwa viazi. Wageni watauliza. Usimame uwaambie."

"Teone ndiye mjukuu wako, Bibi. Yeye ndiye—"

"Wewe. Aliyeniambia ndiye atakayewaambia. Na usiyapambe maneno."

Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, asubuhi, mkono wake mkononi mwa Teone.

Wageni walifika kwa mabasi na magari, kutoka pwani, kutoka visiwani, kutoka mito mingine. Walimlilia Bibi Hariata siku tatu. Baada ya maziko waliingia katika jumba la chakula. Meza zilijaa nyama ya kondoo, kome, viazi na mikate. Katikati ya meza ya wazee palikuwa na sahani kubwa ya udongo, haina kitu. Wote walijua sahani ile ni ya nini.

Ailsa alisimama. Aliwaambia kwa maneno yaleyale aliyomwambia Bibi, hakuongeza wala hakupunguza. Wapo waliomtazama kwa hasira, na hakuwalaumu. Mwanamke mmoja aliondoka mezani. Kisha mzee mmoja wa ukoo wa mto mwingine, Mzee Paora, aliinuka kwa fimbo yake.

"Tumesikia," alisema. "Tutakuja tena siku ya kufunua jiwe la kaburi. Tutaitazama sahani hiyo." Akaketi.

Kwa desturi jiwe hukaa limefunikwa kitambaa, na hufunuliwa baada ya mwaka mmoja. Teone na nduguze walikaa wakakubaliana kusubiri. Jiwe litafunuliwa, walisema, siku kijito kitakapokuwa na cha kuwapa wageni. Baadhi ya shangazi walinung'unika kwamba marehemu atakaa chini ya kitambaa hadi wao wenyewe wafe. Teone aliwaambia Bibi angeona heri akae huko miaka kumi kuliko kuwalisha wageni cha kuomba.

Kazi ikaanza. Waliuza ng'ombe sitini, ili samadi ipungue na wapate gharama ya bwawa jipya. Bwawa hilo lilikuwa kubwa mara nne ya lile la kwanza, na chini lilitandikwa turubai nene lisilovuja. Lilikuwa na nafasi ya kuweka samadi ya miezi mitatu ya mvua. Hiyo ndiyo siri ya kwanza, Ailsa alipenda kuwaambia majirani baadaye. Mwenye bwawa kubwa anaweza kusubiri. Mwenye bwawa dogo anaendeshwa na mvua.

Kisha aliyatafuta mabomba ya baba yake. Haikuwa rahisi, maana Mzee Dougal alikuwa na ramani kichwani tu, na kichwa alikwenda nacho. Ailsa alitembea ukingo wote wa kijito akitafuta midomo ya mabomba. Alipata kumi na saba. Kutoka kila mdomo alifuata mstari kwenda juu kwa chuma chembamba, akichoma udongo mpaka chuma kigonge. Alichomeka vigingi vyekundu, akachora ramani, akaibandika ukutani kwenye banda la kukamulia ili kila mfanyakazi aione.

Siku hizo, kabla ya kuwasha pampu, Ailsa alichimba udongo kwa koleo na kuufinya mkononi. Ukitoa maji, au hata ukimeremeta, pampu haikuwashwa. Baadaye walinunua kipimo cha unyevu, lakini hakuacha kufinya. Walinyunyizia udongo ukiwa na kiu tu, na kidogo kidogo, kila siku mahali pengine. Karibu na vigingi vyekundu hawakunyunyizia kabisa, wala kwenye ukingo wa kijito, ambao waliuwekea uzio na kuupanda miti. Na kila mtambo ulipokuwa ukizunguka, mtu mmoja alishuka kutazama midomo ya mabomba. Maji yakibadilika rangi, ilikuwa amri kuzima kwanza na kuuliza baadaye.

Jambo moja lilimshangaza Teone. Majani yalistawi kuliko zamani, na mbolea ya dukani walinunua nusu. Ile samadi iliyokuwa ikikimbilia kijitoni sasa ilikaa kwenye mizizi. Miaka yote ile walikuwa wakimwaga chakula cha ng'ombe wao wenyewe.

Majira ya kuchipua ya kwanza kijito hakikuwa na kitu. Ya pili, utelezi wa kijivu ulianza kutoka kwenye mawe. Ya tatu, Teone alimwona kanakana mmoja kwenye mwamba wa maporomoko, akamwita Ailsa, wakasimama wakimtazama akipanda. Hawakumgusa. Ya nne walihesabu kwa siku kumi, na hesabu ikapita sitini. Ndugu walikubaliana kuchukua watatu, basi.

Wakapeleka habari kwamba jiwe litafunuliwa.

Wageni walikuja, wachache kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa katika miaka minne wazee hupungua. Mzee Paora alikuja, sasa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Walifunua jiwe, wakaomba, wakalia tena kidogo. Kisha wakaingia jumbani. Kanakana watatu hawawezi kuwashibisha watu mia moja. Walikuwa wamechomwa na kukatwa vipande vidogo kama ukucha, vikapangwa kwenye sahani kubwa, na sahani ikapita mkono kwa mkono. Kila mtu alichukua kipande kimoja.

Mzee Paora alitafuna muda mrefu, amefumba macho. Wote walimngoja.

"Wa hapahapa," alisema.

Sahani ilikuwa imebaki na kipande kimoja. Ailsa alikuwa amesimama kando na birika la chai, tayari kuhudumia. Mzee Paora aliisogeza sahani kwenye ukingo wa meza, mbele ya Ailsa.

"Kula, mwenyeji," alisema.

Ailsa aliweka birika chini, akala.